Roketi ya Mzee Sifael

Kamati ya Kuchunguza Vitu vya Angani ya Same haikuwa na ofisi, haikuwa na gari, wala hakuna mtu aliyeituma. Ilikuwa na wajumbe wawili tu, wote wastaafu, na kila Jumamosi asubuhi walikutana kwenye kibaraza cha duka la Muhidin la vipuri vya baiskeli, wakafungua kikao, wakasoma muhtasari wa kikao kilichopita, wakauthibitisha. Muhidin, mwalimu mkuu mstaafu, mzaliwa wa Kihurio, ndiye mwenyekiti. Clemence, aliyekuwa karani wa kupima mvua kwa miaka thelathini, ndiye katibu. Watu wa mjini waliwacheka, nao hawakujali. Mtu aliyefundisha darasa la watoto tisini hababaishwi na kicheko cha muuza vocha.

Kwa miaka kumi na tisa walikuwa wamechunguza habari arobaini na moja za visahani, mipira ya moto na taa zisizo na mwenyewe, za sasa na za zamani, kuanzia Kileo hadi huko juu kwenye baridi. Nyingi waliziua wenyewe. Jicho jekundu lililotisha watu wa Kileo mwaka themanini na tisa lilikuwa lori lenye taa moja likishuka kona. Kisahani kilichoangukia majaruba ya mpunga ya Ndungu kilikuwa puto la watu wa hali ya hewa, na kamati ilipofika, mwenye shamba alikuwa ameshajishonea koti la mvua. Lakini saba ziligoma kufa. Hizo saba Muhidin alizihifadhi kwenye faili la kijani, na siku akiwa na furaha alilifungua akazisoma upya.

Kazi ilikuwa na taratibu zake. Kila shahidi aliulizwa peke yake, mbali na masikio ya wengine, maswali yale yale matano: Ilikuwa saa ngapi? Kilitokea upande gani? Kilikuwaje, rangi na umbo? Kilitoa sauti? Na wewe ulikuwa unafanya nini? Swali la tano aliliongeza Muhidin baada ya bwana mmoja kuwaeleza kwa ufasaha mkubwa jinsi nyota sita zilivyocheza ngoma, kumbe alikuwa kwenye dengelua, pombe ya miwa, tangu saa nne asubuhi. Tena habari haikuthibitika mpaka wapatikane mashahidi wawili ambao hawajawahi kuzungumza juu yake. Kwa hili Muhidin alikuwa mgumu kama kisiki.

"Mtu mmoja anaweza kuota," alikuwa akisema. "Wawili hawaoti ndoto moja."

Clemence aliyapenda maswali yote isipokuwa lile la tano. Sababu aliijua yeye peke yake. Yeye naye aliwahi kuona kitu angani, tena kikubwa kuliko vyote saba vya faili la kijani, na ndicho kilichomfanya atazame juu maisha yake yote. Hakuwahi kukiandikia fomu. Asubuhi ile, mwaka sabini na saba, alikuwa anaiba maji.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita alifika barazani mama mmoja mwenye umri wa miaka sitini hivi, kitenge kimefungwa vizuri, barua mkononi. Clemence alipomtambua, chai ilimpalia.

"Kaka Clemence, nimefurahi ni wewe," yule mama alisema. "Mwalimu, shikamoo. Naitwa Dorkas, natoka Ikongwe, huko juu ya Ndungu. Huyu kaka ni wa kwetu kabisa, mama yake alikuwa anakaa bonde la pili kutoka nyumbani."

"Marahaba mama, karibu," alisema Muhidin, akimgeukia katibu wake. "Hukuniambia kama Ikongwe kuna habari."

"Ni ya siku nyingi," Clemence alijibu, akijifuta chai kwenye shati.

Dorkas alieleza, na alieleza kwa mpangilio, maana ni habari aliyoishi nayo tangu ana miaka kumi na miwili. Ikongwe wana ndiva, bwawa la kienyeji linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, yakafunguliwa asubuhi kwenda mashambani kwa zamu. Baba yake, Mzee Sifael, ndiye aliyekuwa mlinzi wa ndiva. Alfajiri moja aliona kitu cha moto kikitokea upande wa Mkomazi. Akakimbia hadi vilimani kuwaamsha watu wakione. Watu walipofungua milango, mbingu ni tupu. Waliporudi kwenye ndiva, nayo ni tupu. Kizibo kimetoka, maji yote yamekwenda korongoni.

"Wakasema ni mwizi?" aliuliza Muhidin.

"Hapana, Mwalimu. Mwizi wa maji kwetu hatafutwi mbali, unazunguka mashamba asubuhi unaangalia udongo wa nani umelowa. Siku ile walizunguka yote. Hakuna hata tuta moja lililolowa. Basi wakasema baba alilewa, akasahau kuziba tangu jioni, akalala, alipozinduka akatunga roketi." Dorkas aliinyoosha barua mkononi. "Baba hajawahi kuonja pombe. Ni mzee wa kanisa. Wakamvua ulinzi, wakamwita Bwana Roketi. Mimi shuleni nilikuwa Mtoto wa Roketi. Wajukuu zangu nao wanaitwa hivyo hivyo, na hata hawajui kwa nini."

Alichotaka ni kidogo. Ndiva ilikuwa imejengewa upya kwa saruji, na Jumatano ijayo ingezinduliwa. Pale ukutani kingewekwa kibao chenye majina ya walinzi wote, kumi na mmoja tangu enzi za babu. Kamati ya maji ilikuwa imeandika majina kumi. Mwenyekiti wao, Hezroni, alisema kibao si mahali pa mtu aliyeachia ndiva. Labda, alisema kwa kejeli, waje wale wazee wa Same wanaochunguza roketi wathibitishe.

"Kwa hiyo nimewaletea barua," alimaliza Dorkas. "Baba ana miaka themanini na mitano. Haombi kitu. Lakini tangu asikie habari ya kibao, hali chakula vizuri."

Muhidin aliipokea barua kwa mikono miwili, macho yakimng'aa. Clemence alitazama barabarani, na akajiona mtu mdogo sana.

Jumanne walishuka Ndungu, wakapanda bodaboda mbili mpaka Ikongwe, Muhidin akiwa amekumbatia faili kifuani kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Njia nzima Clemence alijipangia maneno. Angesema leo. Hapana, angesema kesho. Au angemwambia Muhidin pembeni, faraghani, wakaona namna ya kuliandika kistaarabu. Lakini angemwambiaje? Muhidin alimwamini kwa miaka kumi na tisa, na ni mtu aliyewahi kuvunja urafiki na jirani kwa sababu ya kudanganywa umri wa mbuzi.

Walimkuta Mzee Sifael amekaa juani nyuma ya nyumba, anachambua maharage, mwembamba, masikio makubwa, koti la suti limefungwa vifungo vyote kwa ajili ya wageni.

"Shikamoo baba," alisema Clemence.

"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa Asteria. Una pua yake." Mzee alimshika mkono akaushikilia. "Mama yako hakuwahi kuniita Roketi. Mpaka anakufa, aliniita Sifael."

Clemence alitamani ardhi ipasuke immeze. Muhidin alipotoa fomu, katibu alisimama, akasema shahidi lazima aulizwe na mtu mmoja tu na yeye ni mwenyeji, asije akaharibu ushahidi, afadhali aende akapime upande wa jua. Akaenda na dira yake mpaka nyuma ya migomba, akapima upande wa jua kwa saa nzima, kana kwamba jua linaweza kubadili mawazo. Hakusikia hata neno moja la mzee. Kwa hilo tu alifuata utaratibu.

Muhidin alimfuata huko akiwa amenuna, na Muhidin akinuna ujue ameguswa.

"Anasema kweli yule mzee," alisema. "Miaka arobaini na minane, na bado anakumbuka hadi harufu ya asubuhi ile. Huko bondeni kulikuwa na ukungu, kwa hiyo Ndungu hawakuona. Nimejaza maswali yote matano. Lakini ni mmoja, Clemence. Ni shahidi mmoja."

"Si unaweza kulegeza kidogo safari hii?"

"Nilegeze?" Muhidin alimtazama kana kwamba ameambiwa aswali bila udhu. "Nikilegeza, hata zile saba zitakuwa hadithi za watoto. Kesho nitasoma nilichonacho. Haikuthibitika. Na nitasikitika, nakwambia."

Siku ya uzinduzi Ikongwe nzima ilikuwa pale ndivani saa tatu asubuhi. Ukuta mpya ulikuwa umepakwa chokaa, kwaya ya Walutheri upande mmoja, kwaya ya Wakatoliki upande wa pili, kila moja ikisubiri nyingine ichoke. Mchora vibao alikaa na kopo lake la rangi, kibao magotini, majina kumi yamekauka na nafasi ya mstari mmoja chini. Mzee Sifael aliwekewa kiti mbele. Dorkas alisimama nyuma yake, mkono begani mwa baba.

Hezroni alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alimkaribisha Muhidin kwa tabasamu la mtu anayejua jibu. Muhidin alisimama, akavaa miwani, akasoma jina la habari, tarehe na mahali. Akaeleza kuwa kamati imemhoji shahidi na kumwona mtu mwenye akili timamu na kumbukumbu njema. Kisha akashusha karatasi.

"Kwa utaratibu wetu," alisema kwa sauti ya chini, "habari huthibitishwa na mashahidi wawili. Tumempata mmoja. Kwa hiyo kwa masikitiko makubwa..."

Clemence aliona mabega ya Mzee Sifael yakishuka. Hayakushuka sana, kiasi tu cha mtu aliyekuwa ameyazuia kwa muda mrefu. Hapo maneno yote aliyojipangia yakamtoka kichwani, akabaki na miguu tu, nayo ikamsimamisha.

"Wapo wawili," alisema.

"Katibu, kaa," alinong'ona Muhidin.

"Wapo wawili, Mwenyekiti. Niulize."

Watu waligeuka. Muhidin alimkazia macho, na akayaona machozi, akaacha kubisha. Alitoa fomu tupu kwenye faili, akafungua kalamu.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Jogoo wa kwa mchungaji alikuwa amewika mara moja."

"Kilitokea upande gani?"

"Mkomazi. Lakini mimi sikukiona juu kwanza. Nilikiona ndani ya maji." Clemence alionyesha ndiva kwa kidole. "Maji yakawa mekundu kama chungwa bivu, nikadhani nimekufa. Nilipoinua kichwa kilikuwa juu yangu, kinene mbele, mkia nyuma, kinakwenda polepole kuelekea kilele cha Shengena."

"Kilitoa sauti?"

"Hakuna. Ndiyo iliyonitisha. Kitu kikubwa vile, halafu kimya."

Mzee Sifael alikuwa ameinua kichwa. Muhidin alifika kwenye swali la tano, akasita. Aliishi na maswali yale miaka mingi, na pengine jibu alishaliona usoni mwa rafiki yake kabla ya kuliuliza.

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimeshika kizibo cha ndiva."

Clemence aliendelea upesi, maana angepumzika asingeanza tena. Zamu ya mama yake ilikuwa bado siku nane na maharage yalikuwa yanajikunja majani. Alikuwa na miaka kumi na minane, anajiona mwanamume. Alijificha migombani tangu usiku, akimvizia mlinzi. Alipomwona Mzee Sifael ameondoka mbio, alidhani ni tumbo limembana. Akachomoa kizibo. Alitakiwa akimbilie kwenye njia panda ya mfereji ageuze maji yaende kwa mama yake, lakini kile kitu kikatokea majini, naye akakimbia kuelekea korongoni bila kugeuza chochote. Maji yakamfuata huko huko.

"Ndiyo maana hakuna shamba lililolowa," alisema. "Mzee hakulala. Hakulewa. Aliziba vizuri, na kilichotoa kizibo ni mkono huu. Wiki iliyofuata nikaenda kutafuta kazi mjini, na nikaacha abebe yeye. Nisamehe, baba. Sina la kujitetea."

Sauti ya bibi mmoja ikauliza kutoka nyuma, "Sasa maharage?"

"Yalikauka, bibi. Yote."

Kicheko kilianzia kwa bibi yule, kikapita kwaya ya Walutheri, kikawakuta Wakatoliki, kikarudi. Hezroni alijaribu kukizuia, ikawa bure, maana na yeye tumbo lilikuwa linamruka. Alipopata pumzi alikumbuka cheo chake. Alitangaza kuwa sheria ya ndiva haina umri wala haimwogopi karani wa serikali: mwizi wa maji hufanya msaragambo, kazi ya kijiji, ya kuzoa tope siku saba, na mstaafu ataletewa koleo. Clemence aliitika kwa moyo mweupe. Angeambiwa siku sabini angeitika vile vile.

Muhidin hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye fomu mbili, ya jana na ya leo, kidole kimoja juu ya kila karatasi, midomo ikisoma.

"Bado," alisema, na sauti yake ya mwalimu ikawanyamazisha wote. "Mtu anaweza kukiri kwa huruma. Nina jambo moja ambalo shahidi wa kwanza alinieleza jana, na anasema hajamweleza mtu mwingine yeyote. Clemence, kilipofika Shengena kilifanya nini?"

"Kilipasuka."

"Vipande vingapi?"

Clemence alifumba macho. Alijiona tena kijana, amelala chali korongoni, maji ya wizi yakimpita mgongoni, akikitazama kule juu kabisa.

"Vitatu. Viwili vikaenda pamoja. Cha tatu kikabaki nyuma, kidogo, cha kijani."

Mzee Sifael alisimama. Dorkas alitaka kumshika, akamwondoa mkono. Alitembea peke yake, polepole, mpaka kwa Clemence, na watu wa mbele wakajivuta pembeni, maana fimbo anayo na haki ya kuitumia anayo.

"Kijani," alisema mzee.

"Kijani, baba."

"Mke wangu, Mungu amrehemu, nilimwambia tu kuwa niliona kitu, akacheka. Nikasema basi, vile vipande vitatu sitamtajia mtu. Baadaye nikaanza kujiuliza mwenyewe. Usiku naamka nasema, Sifael, pengine kweli ulilala." Alimgeukia binti yake, na sauti ikamtoka kama ya kijana. "Dorkas! Kulikuwa na cha kijani!"

Dorkas alikuwa analia waziwazi, kitenge usoni, na anacheka ndani ya kitenge. Muhidin aliziweka fomu zote mbili mgongoni mwa mchora vibao, aliyekuwa karibu kuliko meza, akazigonga muhuri wa kamati pale pale. Kisha akatangaza kuwa habari namba arobaini na mbili imethibitika kuonekana, haijatambuliwa ni nini, na inaingia faili la kijani. Alimpita Clemence bila neno. Baada ya hatua mbili akarudi, akamwambia kuwa wana mengi ya kuzungumza na kuwa hizo siku saba za tope atakuja kumsimamia mwenyewe, na aandae chai.

Hezroni alimwinamia mchora vibao, akamwelekeza mstari wa mwisho. Mchora vibao aliuliza jina lina herufi ngapi, akachovya brashi.

Mzee Sifael hakutazama kibao. Kwaya zote mbili zilianza kuimba kwa pamoja, kila moja wimbo wake, naye alikuwa amemshika Clemence mkono, anamvuta wakakae kwenye ukuta wa ndiva. Clemence alianza tena kuomba radhi kwa habari ya maji. Mzee alimkatisha.

"Maji tutaongea siku nyingine," alisema, akijiweka sawa, uso wote umefunguka. "Wewe ulikuwa huku chini, mimi nilikuwa kule juu. Kutoka huku mkia ulionekanaje? Anza mwanzo, mwanangu, wala usiharakishe."